Vidonge Havilipwi Kadha

Wanangu, mimi nimestaafu. Nimewauguza wagonjwa wa huzuni na wa akili visiwa vyote hivi vya Lamu, toka Amu mpaka Ndau, na sasa nakaa kwangu napepeta mchele. Lakini liko jambo moja, nikilikumbuka natamka "Lahaula!" kwa sauti, peke yangu jikoni, mpaka wajukuu wanauliza bibi anagombana na nani.

Nataka niwaambie nyinyi mnaoanza kazi, maana juzi mmoja wenu, kijana mzuri, kanzu imepigwa pasi, alinisimamisha kwenye ndia ya sokoni akaniuliza, "Bi Zena, hizi dawa za huzuni si za kulevya?" Na huyo ndiye anayezigawa! Subhanallah. Nilimtazama nikadhani anafanya mzaha. Hakuwa na mzaha hata chembe.

Basi kaeni niwaeleze. Nasema zile za jamii ya setralini na fluoksetini, zinazotolewa sana siku hizi. Ubongoni mna seli zinazopelekeana habari, na mmoja wa wajumbe wao anaitwa serotonini. Seli moja humtoa mjumbe, ya pili humpokea, kisha ile ya kwanza humvuta arudi ndani. Fikirini muuza kahawa kibarazani. Anakupa kikombe, hujapiga funda la pili, keshanyosha mkono anakitaka kikombe chake. Dawa hii inamshika mkono yule muuza kahawa. Haiongezi kahawa birikani, inakuacha tu ukae na kikombe kidogo zaidi. Mwili nao huchukua wiki kadhaa kujipanga, ndiyo maana mtu hamezi leo akacheka kesho. Na msiende mkawaambia watu kwamba huzuni ni serotonini kupungua, kama taa iliyoishiwa mafuta. Mambo yenyewe ni mapana zaidi, hata wataalamu hawajamaliza kubishana.

Hailevyi. Mtu haitafuti vichochoroni. Lakini mwili ukishaizoea, haiachwi ghafla. Hupunguzwa polepole, mwenye kuijua akisimamia.

Tena siku za mwanzo ndizo za kukodoa macho. Kichefuchefu, usingizi kupotea, mtu hatulii kitini. Na kwa vijana hasa, fikra za kujidhuru zaweza kuzidi kabla ya kupungua, maana wakati mwingine nguvu za mwili hutangulia kurudi na moyo bado mzito. Mimi nikiwaambia hivyo wazazi, wananijia juu: "Sasa dawa gani hiyo, Bi Zena?" Nawajibu, ni dawa inayotaka mtu wa kumwangalia mgonjwa. Mkimwona anaanza kuaga watu na kugawa vitu vyake, msingoje miadi, mleteni saa hiyo hiyo. Wakati huo sineni kwa upole, nanena kama mtu anayefukuza mbuzi jikoni, ili wakumbuke.

Madhara mengine watu hawayasemi kwa haya. Alikuwapo mchonga majahazi mmoja wa Matondoni, Bwana Lali, fundi hasa, tezo mkononi mwake ilikuwa kama kijiko. Alikuwa na huzuni nzito, tukampa vidonge, akapata nafuu. Kisha akapotea. Aliporudi kliniki mguu umefungwa kitambaa, tezo imemteleza. Kumbe aliacha dawa ghafla, kichwa kikawa kinampiga kama umeme, kizunguzungu kikamchukua akiwa juu ya mbao. Nikamuuliza kwa nini aliacha. Akatazama dari, akatazama mlango, akatazama mguu wake. Mwisho akasema, "Bi Zena, mimi huzuni imenitoka. Sasa imempata mke wangu."

Nilicheka mpaka nikajishika mbavu, Mungu anisamehe. Kisha nikashtuka. Mtu amekaribia kujikata mguu kwa sababu ameona haya kusema kwamba dawa imempunguzia hamu! Jambo hilo hutokea kwa wengi na lina dawa yake: daktari hupunguza kipimo au hubadilisha aina. Nikamwambia, "Mbona hukusema?" Akasema, "Nimwambie mwanamke?" Basi nyinyi ulizeni. Msingoje waseme. Ulizeni kavu kavu, kama mnauliza habari za kikohozi.

Nilifundishwa kazi hii na marehemu Bwana Shee, tabibu wa zamani, mkali kuliko pilipili mbuzi. Wakati naanza, wagonjwa waliletwa wamefungwa kamba, wengine wamepakiwa juu ya punda kama magunia, na dawa zetu zilikuwa sindano za kumlaza mtu kama gogo. Yeye hakuruhusu kamba ivuke mlango wake. Vidonge hivi vya siku hizi vilipoingia, wengi tulishangilia kwamba sasa kazi ni rahisi. Bwana Shee hakushangilia. Alinilaza kwenye benchi la kliniki, mimi na buibui langu, akashika unyayo wangu akausukuma juu ghafla. Mguu ukatulia. "Wako haukucheza," akasema. "Siku utakayousukuma wa mgonjwa ukaendelea kucheza wenyewe, na mwili una moto, usikimbilie kusema malaria. Uliza amemeza nini." Nikadhani mzee ananichezea. Wenzangu dirishani walikuwa wanacheka kufa.

Haya. Sasa nawapa lile linalonifanya niseme na sufuria.

Mwanaisha alikuwa mwalimu wa dini kule Pate, anasomesha wanawake kila Alhamisi baada ya alasiri nyumbani kwao. Hajafika makamo bado, lakini akisema, wazee wananyamaza. Mamake mzazi, Bi Rukia, alikuwa mwanafunzi wake, anakaa mkekani mbele kabisa na miwani yake. Mwanaisha akaharibikiwa na mimba iliyokuwa imeshakuwa kubwa. Akalala uso ukutani. Hali, hanywi, darasa limefungwa. Watu wakasema ataliwazika. Hakuliwazika. Nduguye Athman akamleta kwetu Amu, daktari akamwandikia setralini, mimi nikawa namfuatilia. Alhamdulillahi akaanza kurudi. Ilipofika Shaaban darasa likafunguliwa tena, naye alinitania eti navaa viatu vya mwanamume.

Ramadhani ikaingia, ikatoka, hakuja kliniki. Baada ya Idi, mwezi wa Mfunguo Mosi, nikapata likizo, nikaenda Pate kumwona dada yangu. Nilikuwa nimekaa nakula mahamri na mbaazi asubuhi, Athman akaingia bila hata kubisha hodi.

"Bi Zena, ndoo! Ndoo upesi, twende! Mwanaisha ana pepo!"

Nikaenda na hamri mkononi. Chumba kimejaa wanawake, ubani unafuka mpaka sioni mlango. Mwanaisha yuko kitandani amefunikwa mablanketi, jasho linamtiririka, mataya yanagongana, miguu inarukaruka. Macho yake, mboni zimepanuka, nyeusi tupu. Anasema maneno mbio mbio. Tumbo limemwendesha toka alfajiri. Nikamgusa shingo nikautoa mkono, alikuwa moto kama kikaango. Bi Rukia amemshika mwanawe kichwa, anasoma Ayatul Kursi huku analia.

"Toeni mablanketi!" nikasema. "Toeni na ubani! Mnataka kumwoka?"

"Lakini anatetemeka kwa baridi, Bi Zena!"

"Hana baridi! Fungueni dirisha, leteni mai ya mtungini na vitambaa!"

Nikamshika unyayo, nikausukuma juu. Mguu ukacheza. Ukacheza, ukacheza, haukusimama. Wanawake wakarudi nyuma wakasema "Huyo pepo huyo!" nami nikamsikia Bwana Shee kama amesimama hapo hapo.

"Mwanaisha," nikamwambia sikioni, "umemeza nini?"

"Sikumeza kibaya, Bi." Meno yanagongana. "Nalipa tu."

"Unalipa nini?"

"Za Ramadhani."

Sikuelewa. Nikamwuliza tena. Akanieleza, na wanangu, alinieleza kwa ufasaha ule ule anaosomeshea darasani, mwili wote unaruka. Bahasha ya dawa imeandikwa kimoja asubuhi. Asubuhi ya Ramadhani mtu hamezi kitu. Basi akaviwata vidonge, hakuvigusa mwezi mzima, wakati wake ukapita. Na wajibu ukipitwa na wakati, mtu haubwagi. Anaulipa kadha, kama anavyolipa saumu za siku zake za hedhi. Afya ni amana, akasema, na dawa ni haki ya mwili. Kwa hivyo baada ya Idi akanuia, akaanza kulipa, vinne vinne, na cha siku yenyewe juu yake, ili aondokane na deni mapema.

Niliduwaa. Wallahi niliduwaa! Nimeshaona watu waliomeza dawa kwa maji ya bahari, nimeshaona aliyewapa kuku wake vidonge ili asiambiwe amevitupa. Hili sikuwahi kulifikiri hata ndotoni. Na baya zaidi, kila hatua ya hoja yake ilisimama juu ya nyingine. Angeweza kumeza usiku baada ya futari, jambo jepesi kabisa! Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa tele. Lakini bahasha ilisema asubuhi, na Mwanaisha si mtu wa kuvunja maandishi.

"Na kwenye mfungo ulikuwaje?" nikauliza.

"Kitwa chapiga umeme," akasema. "Walisema ni kukosa kahawa."

Nyumba nzima ikaitikia kwamba ndiyo, walisema ni kahawa! Mwili unalilia dawa iliyokatwa ghafla, na watu wanamwambia ngoja magharibi upate kikombe.

Lakini vile vinne vinne peke yake havikunitosha kueleza moto ule. Nikawageukia. "Kuna kingine alichopewa?" Athman akaanza kujikuna shingo. Dada yake, anasema, alikuwa analalamika mgongo toka walipofua na kusugua nyumba kwa ajili ya sikukuu, akamnunulia vidonge vya maumivu, vizuri sana, vikali. Akavitoa mfukoni. Tramadol.

"Athman!" Nilipiga ukelele hata mimi mwenyewe nikashtuka. Dawa hiyo nayo inaisukuma serotonini hiyo hiyo. Setralini ilishamshika mkono muuza kahawa, na tramadol ikamshika mkono wa pili huku inamimina. Mwili ukifurika hivyo hutokea hayo: moto, jasho, tumbo, mtetemeko, mtu kuchanganyikiwa, na ukizidi, degedege na kifo. Sikuwaficha. Niliwaambia mbele ya mamake: "Huyu hana pepo. Huyu tukikaa hapa tutamzika." Bi Rukia akashika tasbihi, akabaki kumwombea.

Na maji yalikuwa yamekupwa! Nyinyi mnaijua Pate, maji yakitoka hakuna boti inayofika mjini, ni matope matupu. Ikabidi pikipiki mpaka gatini Mtangawanda. Tulimpakia katikati ya dereva na nduguye, nikamfunga kwa leso kiunoni asianguke, leso ya pili imerowa maji kichwani. Mimi nyuma kwenye pikipiki nyingine, na umri wangu huu, buibui linapepea, nampigia dereva kelele aende upesi na hapo hapo nampigia kelele asituue. Athman alilia njia nzima. Sikumbembeleza.

Boti ya mashine ikatuchukua hadi Amu. Hospitali wakazuia dawa zote, wakamtia maji ya mshipani, wakampa dawa ya kutuliza misuli, wakampoza mwili, wakamkalia macho. Daktari mwanamke kijana akaniambia, "Bi, angechelewa kidogo, sijui." Nilikwenda nje nikatapika lile hamri.

Kesho yake mtetemeko ulikuwa umepungua. Nilikuwa nimekaa karibu naye, namtilia uji mdomoni, nafurahi. Nilidhani limekwisha. Adhana ya alasiri ikasikika, na Mwanaisha akafumbua macho.

"Bi Zena, leo siku gani?"

"Alhamisi. Kunywa uji."

Akaukamata mkono wangu, uji ukamwagika. "Nipe simu. Darasa langu."

"Darasa lako litangoja, mama. Lala."

"Bi, hunifahamu. Alhamisi iliyopita niliwasomesha." Alikuwa anahema. "Waliniuliza juu ya dawa zao za mfungo. Niliwambia zilipwe."

Wanangu, nilitupa kijiko nikasimama. Lile darasa nusu yake ni wamama wa presha na sukari! Nikapiga namba ya nyumbani kwao. Simu ikapokelewa na Bi Rukia mwenyewe. Nyuma yake nasikia wanawake wengi, wamekusanyika wanamsomea dua mwalimu wao. Nikafungua sauti, nikamwekea Mwanaisha mdomoni.

"Mama, wambie wote. Nilikosea. Dawa hazina kadha. Iliyopita imepita. Aliyeanza kulipa, awate sasa hivi."

Minong'ono ikapita kule. Mmoja akasema alikuwa hajaanza, mwingine akasema yeye alisahau, alhamdulillahi kwa usahaulifu. Kisha Bi Rukia akasema, taratibu sana, kama mtu anayenena toka ndani ya mto wa kulalia:

"Mimi nishamaliza, mwanangu."

"Umemaliza nini, mama?"

"Zangu za sukari. Asubuhi. Nilisema siwezi kumwombea mwanangu na mimi nina deni. Nilidhani kilichokudhuru ni vile vya mgongo, si kulipa. Nikazimeza zote, dua ipate kupokewa."

 Mwanaisha alitoa sauti tu. Nikaipokonya simu.

"Mpeni halua!" Nadhani walinisikia Pate bila simu. "Halua ya Idi, asali, tende, chochote kitamu! Mpeni sasa hivi, na asilale!"

"Bi Zena, ana sukari huyu!"

"Najua ana sukari! Haiko tena, imeshuka! Mpeni, mtanibishia akishapata uzima! Akishindwa kumeza msimlazimishe, mpakeni asali ndani ya shavu, mleteni!"

Athman, aliyekuwa mlangoni akisikia yote, alikuwa ameshatoka mbio gatini. Maji siku hiyo yalikuwa yamejaa, Mungu si Athumani, boti ikamfuata Bi Rukia hadi mjini Pate. Walimleta kabla ya magharibi, jicho moja wazi, halua imemkauka kidevuni na kwenye mtandio, wanawake wawili wanampiga makofi mepesi asisinzie. Akatundikiwa maji ya glukosi, wakamweka siku kadhaa, maana dawa zile hukaa mwilini, sukari inapanda kisha inaporomoka tena. Alilazwa kitanda cha pili, kando ya mwanawe.

Tangu siku ile kila niliyempa dawa sikumwuliza tu atameza lini. Nilimwuliza, na siku ukiikosa, utafanyaje? Wauguzi wenzangu waliniona nachelewesha foleni. Majibu niliyoyapata humo, yarabi, yanataka siku nyingine na dawa ya presha karibu.

Basi asubuhi ya pili pale wodini Bi Rukia alikaa kitako, mzima, anadai chai. Isiyo na sukari, akasema, daktari asije akamgombeza. Mwanaisha alimgeukia. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia.

"Mama, zote kwa pamoja! Hata mtoto mdogo hafanyi hivyo. Nani aliyekufundisha jambo hili?"

Bi Rukia akavaa miwani yake, akamtazama mwanawe vizuri, wala hakuwa na hasira yoyote.

"Weye, mwalimu," akasema.